Mashine ya Kukata Nyasi: Ununue ya Petroli au ya Betri? Piga Hesabu Kabla ya Kubonyeza PIN

Mvua ya Machi ikishanyesha wiki mbili hapa Funyula, kila mtu anajua kinachofuata. Nyasi. Boma uliloliacha safi Jumapili, Jumapili inayofuata limefika magotini. Shule zinatafuta watu wa kufyeka uwanja, makanisa yanataka kiwanja kiwe safi kabla ya harusi, na mwenye kibarua cha slasha anapigiwa simu tatu kwa siku.

Ndiyo maana msimu huu wateja wengi wanauliza kuhusu zile mashine za kubebwa begani, zenye fimbo ndefu na kamba ya nailoni au kisu mwishoni. Ziko za petroli na ziko za betri. Zinauzwa Busia mjini, zinauzwa mtandaoni, na ukivuka mpaka utazikuta pia upande wa Uganda. Bei zake zinaweza kumaliza akiba ya miezi kadhaa. Kwa hivyo swali si "ipi ni nzuri?" tu. Swali ni: ipi itarudisha pesa yako, na utailipia vipi bila kuchomwa?

Twende polepole.

Kwanza, jua unanunua nguvu kiasi gani

Mashine za petroli hupimwa kwa sisi za injini. Nyingi utakazoonyeshwa madukani ni za sisi 43 au 52, za kutoka China. Ziko pia ndogo na za bei ya juu, kama zenye injini ya Honda GX35, ambayo ni sisi 35.8. Usidhani sisi nyingi ndiyo ubora. Injini ndogo iliyotengenezwa vizuri inaweza kudumu kuliko kubwa ya bei ya jioni.

Jambo la kuuliza ni hili: injini ni tu-stroki au fo-stroki? Ya tu-stroki inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ya fo-stroki inatumia petroli tupu, na oili yake ina mahali pake, kama pikipiki nyingi za boda. Ukikosea hapa umeua injini. Tu-stroki ikipewa petroli tupu, pistoni inakwama kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuilainisha.

Mchanganyiko unaandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ikiwa ni 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili. Ikiwa ni 50 kwa 1, ni mililita 20. Usikadirie kwa macho. Nunua kichupa chenye alama za vipimo, ni cha bei ndogo kuliko pistoni.

Mashine za betri nazo zina hesabu yao. Chukua volti, zidisha kwa Ah zilizoandikwa kwenye betri, na utapata wati-saa. Betri ya volti 18 na Ah 4 ina wati-saa 72. Ya volti 36 na Ah 4 ina wati-saa 144, yaani mara mbili. Sasa, mashine ikiwa inavuta wati 400 kwenye nyasi nzito, hiyo ya wati-saa 144 itakata kwa dakika 21 hivi, halafu inazima. Ile ya 72 haitafika hata dakika 11.

Na hapa jihadhari. Kuna mashine za betri zimebandikwa stika kubwa ya "48VF" au "88VF". Hizo si volti. Mara nyingi ndani ni betri ya kawaida ya volti 18 hadi 21. Geuza betri, soma maandishi madogo. Kama hakuna volti wala Ah zilizoandikwa popote, rudisha mkono mfukoni.

Pili, gharama ya kuitumia

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Tuweke mfano, na wewe ubadilishe namba kulingana na bei utakazopewa. Tuseme mashine ya petroli ni shilingi 18,000, na ya betri ya volti 36 yenye betri mbili na chaja ni shilingi 24,000.

Petroli: tuseme mashine inakunywa lita moja kwa saa moja ya kazi ya kweli, na lita ni shilingi 180. Ongeza oili ya shilingi 30. Saa moja ni shilingi 210. Bei ya petroli Kenya hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo hesabu hii irudie kila bei inapobadilika.

Betri: saa moja ya kazi kwa wati 400 ni wati-saa 400. Ukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, weka nusu uniti. Kama uniti ya tokeni inakugharimu shilingi 30, saa moja ni shilingi 15. Inaonekana ni bure, sivyo?

Ngoja kwanza. Betri ya lithiamu inazeeka. Tuseme itachajiwa mara 500 kabla ya kuchoka, na kila chaji ni dakika 21. Hiyo ni saa 175 za kazi. Kama betri mpya ni shilingi 7,000, kila saa inakula shilingi 40 ya betri. Kwa hivyo gharama halisi ni shilingi 55 kwa saa. Bado ni chini sana ya 210, lakini si bure.

Tofauti ni shilingi 155 kwa kila saa ya kazi. Zile shilingi 6,000 ulizoongeza kununua ya betri zitarudi baada ya saa 39 hivi za kukata nyasi.

Sasa jiulize: mimi nakata nyasi saa ngapi kwa mwaka?

Kama ni boma lako tu

Boma la kawaida la dakika 40, ukikata mara 18 kwa mwaka, ni saa 12 tu. Kwa saa 12 kwa mwaka, ile tofauti ya shilingi 6,000 itarudi baada ya miaka mitatu na zaidi. Kwa hivyo usinunue ya betri kwa sababu umeambiwa "utaokoa mafuta". Utaokoa, lakini polepole.

Inunue kwa sababu nyingine kama zinakuhusu. Haina kamba ya kuvuta, kwa hivyo mama mzee au kijana wa shule anaiwasha kwa kidole. Haina kabureta ya kuziba ikikaa kiangazi kizima bila kazi. Ina kelele kidogo, na kama unaishi karibu na hospitali au darasa hilo si jambo dogo. Tena hakuna petroli ya kuhifadhi ndani ya nyumba yenye watoto.

Lakini kuna hesabu ya tatu ambayo muuzaji hatakuambia. Kama kijana mwenye mashine anakukatia boma kwa shilingi 400, mara 18 ni shilingi 7,200 kwa mwaka. Ukinunua ya petroli kwa 18,000 na kuchoma mafuta ya shilingi 2,520 kwa mwaka, unaokoa shilingi 4,680. Itakuchukua karibu miaka minne kurudisha pesa ya mashine, bila kuhesabu plagi, kamba na fundi. Kwa familia nyingi, kumlipa kijana wa jirani ndiyo njia ya bei nafuu. Na kama boma ni dogo na kuna mikono nyumbani, slasha bado haijazeeka.

Kama unataka kuifanya kazi

Hapa hesabu inageuka kabisa.

Mtu wa biashara anakata saa tano kwa siku, pengine zaidi wakati wa mvua ndefu na tena zile fupi za mwisho wa mwaka. Kwa betri za dakika 21 angehitaji chaji 14 kwa siku. Betri mbili haziwezi. Ungehitaji rundo la betri au uwe unarudi nyumbani kila nusu saa, na stima ikipotea siku hiyo kazi imekufa. Hakuna aliyesahau Agosti 25, 2023 nchi nzima ilipoingia gizani. Na ule mfumo mdogo wa sola wa taa na simu hautaweza kuchaji betri kama hii. Chaja yake inahitaji umeme wa ukutani.

Kwa hivyo kwa kibarua cha kila siku, cha nyasi nzito, nepia na vichaka, ya petroli ndiyo inayofaa leo. Ukiishiwa na mafuta unajaza na kuendelea.

Tupige hesabu ya kazi moja ya dakika 40 kwa shilingi 400. Mafuta na oili ni shilingi 140. Weka kando shilingi 30 ya kamba, plagi na fundi. Unabaki na 230. Mashine ya shilingi 18,000 inajilipa baada ya kazi 79. Ukipata kazi tatu kwa siku, ni siku 27 za kazi. Ukipata kazi tatu kwa wiki, ni miezi sita, na katikati yake kuna kiangazi. Kabla ya kununua, andika majina ya wateja kumi walio tayari kukuita. Kama humpati hata wa tano, bado hujawa na biashara. Subiri.

Nje huko mambo yanaelekea kwenye betri. Jimbo la California kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia mashine mpya za aina hii zenye injini ya petroli kuuzwa, kuanzia 2024, kwa sababu ya moshi wake. Lakini wao wana umeme usiokatika ovyo na maduka ya betri karibu. Usinunue kwa hesabu ya California. Nunua kwa hesabu ya Funyula.

Mambo ya hapa kwetu ambayo hayamo kwenye kitabu cha mashine

*Mawe.* Hivi vilima vya Samia vina chuma, na mababu zetu walikuwa wafua chuma waliojulikana mbali kwa majembe yao. Uzuri huo una bei yake: kisu kikigonga jiwe kinaruka au kinavunjika. Penye mawe tumia kamba ya nailoni, weka kisu kwa ajili ya vichaka. Vaa gambuti na miwani, na watoto wakae angalau mita 15 mbali. Jiwe lililorushwa na mashine haliulizi ni jicho la nani.

*Mafuta ya chupa.* Petroli ya kando ya barabara inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Tatizo hili lilikuwa kubwa hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Injini ndogo haivumilii mchezo huo. Nunua kituoni, na usiache petroli ndani ya tanki miezi miwili ya kiangazi. Inaacha gundi kwenye kabureta, na hapo fundi amepata karo ya watoto wake.

*Joto.* Betri ya lithiamu usiiache juani wala kwenye bati la store. Ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kwanza kabla ya kuchaji. Kama itakaa muda mrefu bila kazi, ihifadhi ikiwa na chaji nusu hivi.

*Spea.* Kabla ya kununua yoyote, muulize fundi wa karibu, si muuzaji: "Hii naweza kupata kabureta yake? Hii betri inauzwa peke yake?" Mashine ya betri isiyo na betri ya kununua tena ni fimbo ya bei ghali.

Na kama ni nafuu ng'ambo ya mpaka?

Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya huku na moja ya Uganda. Na wengi huvuka Busia au Malaba kutafuta bei. Hakuna ubaya, lakini jumlisha yote.

Kwanza, kiwango cha kubadilisha pesa. Shilingi moja ya Kenya mara nyingi imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 25 za Uganda kwa miaka ya karibuni, ila kiwango cha simu, cha benki na cha yule jamaa wa kubadilisha pale mpakani si kimoja. Unapotuma pesa kwenda laini ya Uganda, skrini inakuonyesha kiasi atakachopokea. Kisome kabla ya PIN, kisha uongeze ada ya kutuma na ya kutoa.

Pili, ushuru. Watu wengi wamesikia kuna utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Upo kweli. Lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi za jumuiya. Mashine iliyotengenezwa China haiwi ya Uganda kwa sababu imekaa kwenye duka la Uganda. Itangaze pale kituo cha pamoja cha mpakani, ujue ushuru wake mapema. Ukiipitisha njia za panya na ikashikwa, umepoteza mashine na pesa.

Tatu, waranti. Mashine ikikataa baada ya wiki, utavuka mpaka tena kuirudisha, kwa nauli yako.

Sasa kulipa

Hapa ndipo wateja wengi hupoteza pesa, na si kwa sababu ya petroli wala betri.

1. *Lipa kwa till ya duka, si kwa namba ya mtu.* Jina likitokea kwenye skrini, lilinganishe na jina la duka. Yakitofautiana, simama. Kwa kawaida mnunuzi hatozwi ada anapolipa kwa till, kwa hivyo "nitumie kwa namba yangu ni rahisi" si kweli.

2. *Usitume amana kwa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua.* Picha nzuri na bei ya chini ndiyo chambo. Mwambie utalipa ukiiona, ikiwa imewashwa. Kama mzigo unaletwa na boda kutoka Busia, kubaliana kwamba unafungua boksi kwanza.

3. *Ijaribu kabla ya kubonyeza.* Ya petroli iwashwe ikiwa baridi, ingurume dakika tano. Ya betri iingizwe betri zote mbili, moja baada ya nyingine, na chaja iwekwe kwenye umeme uone taa.

4. *Ujumbe wa simu si risiti ya duka.* Ujumbe unathibitisha kwamba ulilipa. Hausemi ulinunua nini. Dai risiti yenye jina la mashine, namba yake ya siri, na muda wa waranti. Viweke vyote viwili pamoja.

5. *Ukikosea namba, ripoti papo hapo.* Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyoweza kuwa imeshatolewa. Na mtu yeyote akikupigia akitaka PIN "ili tukurudishie", kata simu. Hatuulizi PIN, hata siku moja.

Mkopo au akiba?

Mpango wa lipa pole pole unaweza kusaidia, lakini zidisha kabla ya kusaini. Amana ya shilingi 4,000 na shilingi 80 kwa siku kwa siku 300 inaonekana ni pesa ya chai. Jumla yake ni shilingi 28,000, kwa mashine ambayo ukilipa taslimu ni 18,000. Hiyo shilingi 10,000 ya juu ni kazi 43 za kukata nyasi.

Ovadrafti ya simu nayo usiitumie kwa kitu kama hiki. Imetengenezwa kwa dharura ya siku chache, na ada yake inahesabiwa kila siku. Mashine hailipi kwa siku chache.

Njia inayofaa wengi ni kufunga akiba. Ukiweka shilingi 150 kila siku kuanzia Oktoba mosi, hadi mwisho wa Januari umeweka siku 123, yaani shilingi 18,450. Unanunua Februari wakati wa kiangazi, muuzaji hana haraka ya wateja na bei inazungumzika, na mvua ya Machi inakukuta tayari. Kama ni chama cha watu watatu, ni shilingi 50 kila mmoja. Andikeni mapema ni nani anaitunza mashine na ni nani analipia fundi.

Ukishaanza kazi, tenga laini au till ya biashara. Pesa za wateja ziingie huko, mafuta yatoke huko, na unga wa nyumbani usitoke huko. Mwisho wa mwezi fungua taarifa ya malipo, usome umeingiza ngapi na umetumia ngapi. Hapo utajua kama mashine inakulisha au wewe ndiye unayeilisha.

Kwa ufupi

- Boma dogo, unataka utulivu na una stima: ya betri, yenye betri mbili zinazouzwa pia peke yake.
- Boma dogo na pesa ni kidogo: mlipe kijana wa jirani au tumia slasha.
- Kibarua cha kila siku, nyasi nzito: ya petroli, na ujue ni tu-stroki au fo-stroki.
- Unavuka mpaka kununua: ongeza ada, ushuru na nauli kwenye bei kabla ya kulinganisha.
- Popote ununuapo: soma jina kwenye skrini, jaribu mashine, chukua risiti, halafu ndiyo PIN.

Una swali kuhusu kufungua till ya biashara au kufunga akiba? Tembelea wakala aliye karibu nawe ukiwa na kitambulisho, au utuulize kupitia huduma kwa wateja. Na kama unamjua kijana anayetaka kununua mashine wiki hii, mtumie makala hii kabla hajalipa amana.